Maziwa ya Soya kwa Chai ya Baba

Baba anafuga ng'ombe na hanywi maziwa. Nikilisema hilo Butiama, watu hunitazama kana kwamba nimemsema vibaya mzee wa watu. Lakini ndivyo ilivyo tangu alipougua tumbo, akalazwa Musoma, na daktari akamwambia aachane kabisa na maziwa ya ng'ombe: mabichi, yaliyochemshwa, hata mgando. Nilikuwapo. Baba alimsikiliza akiwa ameweka kofia mapajani, kisha akauliza swali moja tu.

"Na ya kwenye chai?"

Daktari akasema hata ya kwenye chai.

Ili uelewe uzito wa jibu hilo, lazima uijue chai ya saa nne nyumbani kwetu. Ng'ombe wameshakamuliwa na kutolewa kwenda malishoni. Baba amenawa miguu, amekaa barazani, na rafiki yake, jirani wa ng'ambo ya bonde ambaye wamechunga pamoja tangu utotoni, anakuja akiburuta makobazi. Chai ni ya maziwa mengi na maji kidogo. Kwetu mwenye nyumba hummiminia mgeni kwa mkono wake, na hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe ndipo mgeni naye anywe. Wakishakunywa, wanazungumza habari za ng'ombe mpaka jua linapofika kwenye vidole vya miguu yao.

Aliporudi kutoka hospitali baba alijaribu. Alimmiminia rafiki yake chai ya maziwa, akajimiminia mwenyewe ya rangi. Rafiki akakitazama kile kikombe cheusi.

"Mura, umefiwa?" akauliza, kwa neno ambalo wanaume wa huku huitana, maana kwetu chai ya rangi watu wengi huinywa kwenye matanga.

Ulikuwa utani wa kawaida kati yao. Baba hakucheka. Siku iliyofuata alimtuma mama aseme amelala. Baada ya hapo akasema ana kazi zizini. Rafiki hakuwa mtu wa kujipendekeza, akaacha kuja. Viti vya barazani vikaingizwa ndani, na baba akawa anakunywa chai yake ya rangi nyuma ya jiko, uso ameuelekeza zizini.

Mimi nimepanga chumba na jiko Kamunyonge, mjini Musoma, na habari hizo nilizipata kwa simu.

"Baba yako anakaaga nyuma ya jiko kama kuku mgonjwa," mama aliniambia. "Hasemi na mtu. Mimi nataka arudi barazani na mwenzake. Sitaki kingine."

Wazo la soya lililetwa na shangazi yangu wa Bunda, dada yake baba. Yeye anafanya kazi kwenye mashine ndogo ya kukamulia mafuta ya alizeti na ya mbegu za pamba, na nguo zake zina harufu ya mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, hata zikitoka kufuliwa. Alikuja Butiama mwisho wa juma mmoja nilipokuwa nimekwenda kuwasalimu wazazi. Alishuka kwenye bodaboda na kiroba begani.

"Wifi," akamwita mama akiwa bado uani, "leo nimekuletea ng'ombe."

"Yuko wapi?"

"Humu kwenye kiroba. Hali majani, hapigi teke."

"Na akikataa kutoa maziwa?"

"Basi utakuwa umemkamua vibaya. Usinilaumu mimi."

Mama hakutaka kuelekezwa jikoni kwake. Alizipokea zile soya, akazipepeta, akaziweka kwenye kikaango akazikaanga kama karanga mpaka zikawa kahawia. Nyumba nzima ilinukia vizuri. Akazitwanga, akazichekecha, akachanganya unga na maji ya moto, akachuja kwa kitambaa. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya maji ya mto baada ya mvua. Tukakiacha kidogo kwenye bakuli: unga ukashuka wote chini, maji yakabaki juu peke yake. Mama akamimina kidogo kwenye chai. Ukashuka vilevile.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umeikaanga," akasema. "Mbegu ikishaungua inajifunga. Hata mashudu yako hivyo hivyo. Mashine ikipata moto sana, mashudu yakitoka ukiyaloweka yanakaa chini ya ndoo kama mchanga. Yale ya asubuhi, mashine bado ina ubaridi, ukiyaloweka yanalegea, maji yanakuwa meupe."

"Ungesema kabla sijamaliza kuni."

"Ningesema saa ngapi, wifi? Si ulikuwa unanifukuza jikoni?"

Kwa sababu ya kazi yangu ya kuandika nimezoea kuuliza na kusoma, kwa hiyo baadaye nilitafuta maelezo. Kinachoyafanya maji ya soya yawe meupe ni mafuta pamoja na protini ya mbegu, na protini hiyo lazima iyeyuke majini ndipo itoke. Ukiikaanga kavu inakamatana humo humo ndani ya punje kabla maji hayajaifikia. Inabaki kwenye makapi, na wewe unabaki na harufu nzuri.

Safari ya pili mama aliloweka soya mbichi usiku kucha. Asubuhi akazimenya kwa kuzisugua kati ya viganja, akazitwanga mbichi, akachanganya na maji, akakamua kwa kipande cha kanga. Yakatoka maziwa. Nasema maziwa kwa sababu mtu yeyote angeyaita hivyo: meupe, mazito, yanang'ang'ania ukingo wa bakuli. Mama aliyatazama, akacheka peke yake. Alikuwa hajacheka hivyo tangu hospitali.

Akayabandika motoni. Sasa, mama amechemsha maziwa tangu akiwa msichana mdogo. Hakai akitazama sufuria. Anachambua mchele, anazungumza, anampigia kelele mbuzi aliyeingia uani, na maziwa yakianza kupanda anakuwa ameshafika, ameshaepua, bila tone kumwagika. Siku ile povu lilipanda, akaepua. Akatia sukari kidogo, akapeleka kikombe nyuma ya jiko.

Baba alikunywa akiwa ametazama zizini.

"Yana harufu ya shamba," akasema. Lakini akayamaliza yote, kwa kuwa mama alikuwa amesimama hapo.

Mchana baba alikuwa anakwenda chooni na kurudi, anakwenda na kurudi. Jioni alilala upande mmoja, magoti ameyakunja. Mama alikaa chini kando ya kitanda.

"Mama watoto," baba akamwambia, "nimekunywa kwa ajili yako. Sasa niacheni. Hilo jina la soya nisilisikie tena humu ndani."

Mama alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti.

"Nimemuumiza kwa mkono wangu mwenyewe," akasema.

Niliomba nipewe soya zilizobaki, nikaondoka nazo kwenda Musoma.

Nilizipika jikoni kwangu Kamunyonge, kwenye jiko la mkaa, na nikakaa mbele ya sufuria bila kuondoka. Povu likapanda haraka sana, haraka kuliko nilivyotegemea. Nikalisogeza kwa mwiko nione chini yake. Maziwa yenyewe yalikuwa yametulia. Yalikuwa yanatoa mvuke, basi. Hayakuwa yametokota hata kidogo. Nikaelewa kilichotokea Butiama. Maziwa ya ng'ombe yakipanda, yameshachemka. Ya soya hutoa povu mapema, protini yake hushika hewa kama sabuni, na mtu aliyelelewa kwenye maziwa ya ng'ombe huliona povu akaepua, kama mikono yake ilivyozoea. Baba alikuwa amekunywa maziwa mabichi yaliyopashwa moto, na soya mbichi ina kitu kinacholizuia tumbo kusaga chakula mpaka kiuawe kwa moto wa muda mrefu. Mtu ambaye hajawahi kukamua ng'ombe labda asingekosea vile.

Nikaengua povu, nikapunguza mkaa, nikaacha yatokote kweli huku nakoroga yasishike chini. Harufu ya maharage mabichi ikapungua, ikaisha. Nikayanywa mwenyewe, asubuhi na jioni, nikisikiliza tumbo langu. Tumbo likatulia. Nikayatia kwenye chai ya moto, yakachanganyika vizuri, chai ikawa na rangi ile anayoipenda baba. Ndipo nikampigia mama.

"Kwa hiyo povu lilinidanganya?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Maziwa hayajawahi kunidanganya mimi."

Nikarudi Butiama na blenda yangu kwenye begi. Mama akapika mwenyewe, nami nikakaa kwenye kigoda nikitazama. Povu lilipopanda mkono wake ulikwenda kwenye sufuria wenyewe. Akaurudisha, akaukunja mapajani, akasubiri. Yakatokota muda mrefu. Akaonja: hayana harufu. Akamimina chai kwenye kikombe, akatia maziwa.

Yakakatika papo hapo. Vipande vyeupe vikaelea juu, chini kukawa na maji ya kahawia. Baba alikuwa anapita kwenda zizini, akachungulia kikombe.

"Hata yenyewe yanakataa," akasema, akaenda zake.

Niliumia, lakini pia nilishikwa na hamu ya kujua. Soya zilikuwa za kiroba kilekile. Blenda ni ile ile. Majani ya chai nilikuja nayo mimi. Moto ni moto. Nikawa nazunguka jikoni nikitazama kila kitu kama mtu aliyepoteza ufunguo, mpaka nikafunua birika la mama. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe, mgumu, umeshika kuta zote. Birika langu la Kamunyonge ni safi mpaka chini. Mimi napikia maji ya bomba yanayotoka ziwani. Mama anapikia maji ya kisima kirefu, na maji yale yana chumvichumvi ambayo hata sabuni huikataa. Chumvi ya namna ile ndiyo wengine huitumia makusudi kuigandisha soya. Sisi tulikuwa tunaigandisha bila kujua, ndani ya kikombe cha baba.

Kabla sijasema neno, mama alikuwa ameshampigia shangazi.

"Tia magadi, wifi," sauti ya shangazi ikasikika jiko zima. "Mlenda unautiaga nini? Magadi. Maharage magumu? Magadi. Sasa unaogopa nini?"

Mama akatia magadi, kiasi kile anachotia kwenye mlenda. Kwa kweli maziwa hayakukatika. Tena yalitoka mengi zaidi na mazito kuliko siku zote, kwa kuwa magadi huilegeza protini ikatoka kwa wingi. Lakini chai iligeuka nyekundu nyeusi kama maji ya kutu, na mama alipoonja ile ladha ya sabuni akakimbilia mlangoni kutema.

"Huyu wifi yangu," akasema akijifuta mdomo, "anataka kumfua kaka yake."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mama naye akacheka, na kwa mbali, kutoka zizini, nikaona baba ameinua kichwa kutazama kulikoni.

Safari iliyofuata nilipanda basi Musoma nikiwa na dumu la maji ya bomba. Konda alilipokea, akalipima kwa mkono, akanitazama.

"Dada, haya ni mafuta?"

"Maji."

"Maji ya upako?"

"Maji ya ziwani."

"Unapeleka ziwa kumtembelea nani?"

"Baba yangu."

Akaliweka kwa heshima karibu na dereva, na njia nzima akawa anawaambia abiria wasiliguse, lina wenyewe.

Kwa maji yale mambo yakakaa sawa. Mama alisagia maji ya moto, maana kusaga kwa maji ya moto huizima ile harufu ya shamba mapema. Akachuja, akachemsha bila haraka, akatia magadi kidogo sana, kiasi cha kushikwa na ncha ya kidole, kwa sababu baba anapenda chai kali na chai kali hukata maziwa. Tukamimina maziwa kwanza kwenye kikombe, kisha chai polepole juu yake. Tukasubiri, vichwa vyetu vimekaribiana juu ya kikombe. Hayakukatika. Mvua zilipoanza tuliachana na dumu. Mama akaweka pipa chini ya bati, na maji ya mvua yakafanya kazi ileile.

Lakini baba alikuwa ameshasema lake, na mama si mtu wa kumbembeleza mumewe kwa maneno. Alichofanya ni kuchukua kigoda, akakiweka nyuma ya jiko kando ya kile cha baba, akawa anakunywa chai yake ya soya hapo. Mwenyewe, mwanamke anayeruhusiwa maziwa yoyote ya zizi lake, akayaacha. Hakumpa baba, hakumwambia onja. Alikunywa, akazungumza habari za kanisani, akaosha kikombe, akaenda shambani. Kila asubuhi vivyo hivyo. Hayo aliniambia yeye mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetega ndege.

Siku moja baba akamuuliza, "Tumbo lako?"

"Lipo."

"Halikusumbui?"

"Lingekuwa linanisumbua ningekaa hapa?"

Baba akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha mama, akanywa kilichobaki. Usiku ule mama hakulala vizuri, akisikiliza mlango wa nje kama utafunguliwa. Haukufunguliwa.

Nilikuwa nyumbani Jumatatu ambayo baba alivitoa viti barazani. Hakutangaza. Alivitoa, akavifuta vumbi kwa kofia yake, akaja mpaka mlango wa jiko.

"Ongeza kikombe," akasema. "Nimemwambia jana kanisani aje."

Mama alipika akiwa amenuna kwa woga. Alichuja mara ya pili, akaonja, akaonja tena. Chupa mbili zilipelekwa barazani, ya maziwa na ya chai, kisha mama akarudi akasimama nyuma ya pazia la mlango, nami nyuma yake.

Rafiki alikuja akiburuta makobazi. Wakasalimiana kwa kirefu, hali ya watoto, ya mifugo, ya magoti. Baba akamimina maziwa kwanza, kisha chai, polepole kama alivyofundishwa. Akanywa funda la kwanza kutoka kikombe chake. Kisha badala ya kumsogezea mwenzake kikombe akakishikilia.

"Kabla hujanywa," akasema. "Hii si ya ng'ombe. Ni ya soya. Tumbo langu linakataa ng'ombe sasa hivi. Daktari amesema basi."

Rafiki akamtazama. "Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Ndiyo ulikuwa unajificha?"

"Ningekaa hapa nanywa ya rangi, wewe unaniuliza nani amekufa."

"Mura!" Rafiki akapiga goti lake. "Mimi nilijua umenikasirikia kwa ajili ya yule dume wako niliyemkataa! Nimekaa kwangu siku zote hizi nasema, mzee mwenzangu ananuna kwa sababu ya dume mwenye kengeza!"

"Hana kengeza."

"Ana kengeza."

"Alikuwa anatazama jua."

"Lete hicho kikombe."

Akanywa. Akakaa nacho mdomoni kidogo, kama anayehesabu meno kwa ulimi. Mama alinishika mkono akaubana.

"Ni nzito," rafiki akasema. "Haina kosa. Na hii ng'ombe inachungwa wapi?"

"Bunda. Kwa dada yangu."

"Haivunji uzio?"

"Haivunji."

"Haifi kwa kupe?"

"Haina hata masikio, kupe atakaa wapi?"

Wakacheka wote wawili, kile kicheko chao cha kukohoa. Rafiki akasema ameipokea, ila kesho yeye apewe ya ng'ombe, maana tumbo lake halijamtuma soya. Baba akasema ya ng'ombe ipo tele, imekosa mnywaji. Halafu wakarudi kwa yule dume. Kutoka kwa dume wakaenda kwa mtamba anayechechemea, na dawa ya kuogeshea ambayo siku hizi haina nguvu, na kijana fulani anayechunga huku amevaa vitu masikioni hasikii hata ng'ombe akiita.

"Imekatika?" mama akaninong'oneza. Alikuwa haoni vizuri kutoka pale aliposimama.

Nikachungulia. "Haijakatika."

"Tazama vizuri. Ikikaa ndiyo inakatikaga."

Nikatazama vizuri. Vikombe vilikuwa juu ya kigoda kati yao, chai imetulia, rangi moja juu mpaka chini. Hakuna aliyekuwa anaitazama. Baba alikuwa anaonyesha kwa mkono wa kushoto jinsi mtamba anavyouburuta mguu, na kwa mkono wa kulia, bila kugeuza kichwa, alikuwa anapapasa kigodani kukitafuta kikombe chake.